Jozi ya Askari na Mtu wa Tatu: Utani na Sheria katika Filamu za Kuchekesha za Polisi Wawili, Zikitazamwa kutoka Kitui na Makueni

1.0 Utangulizi

Filamu za kuchekesha zenye mapigano, ambazo wahusika wake wakuu ni askari polisi wawili wasiolingana, zina kanuni chache zinazofahamika hata kwa mtazamaji asiyewahi kusoma uhakiki. Askari mmoja ni mwangalifu, mwingine ana papara. Mmoja ana mke, watoto na nyumba. Mwingine hana cha kupoteza. Mkuu wao huwaunganisha bila hiari yao, nao hutukanana garini, huokoana katika mapambano, na mwishowe huwa ndugu. Kwa kuwa kanuni hizi ni nyepesi, ni rahisi kuuona utanzu huu kuwa burudani tupu isiyostahili kuchunguzwa.

Makala hii inachukua msimamo tofauti. Inadai kwamba undugu wa askari wawili una gharama, na kwamba gharama hiyo hulipwa na mtu wa tatu: mshukiwa, shahidi, mwenye kibanda kilichogongwa na gari la polisi, au mpita njia asiyepewa jina wala neno la kusema. Ubora wa kazi yoyote ya utanzu huu, basi, hauna budi kupimwa pia kwa jinsi inavyomtendea mtu huyo.

Kitui na Makueni zimechaguliwa kuwa mahali pa kuutazamia utanzu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kifasihi: masimulizi ya Wakamba yana jozi yake ya wasiolingana, nayo imehifadhiwa kwa maandishi. Ya pili ni ya kihistoria: kwa muda mrefu Ukambani imekuwa chimbuko la askari wa jeshi na wa polisi. Mtazamaji wa Mwingi au wa Wote anapomwona askari kwenye kioo cha televisheni, huenda anamwona aliyemsimamisha barabarani asubuhi. Huenda pia anamwona kaka yake aliyepelekwa kulinda mpaka wa mbali. Mtazamaji wa namna hii yuko mahali pazuri pa kuuliza ni nani anayechekwa.

2.0 Safari ya Mtu wa Tatu

Historia ya jozi hii katika filamu inaonyesha kwamba mtu wa tatu hakuwa nje tangu mwanzo. Katika Stray Dog (1949) ya Akira Kurosawa, askari kijana Murakami anaibiwa bastola yake, naye anaunganishwa na Sato, mpelelezi mtu mzima aliyezoea kazi. Mwizi wanayemsaka, Yusa, alikuwa mwanajeshi kama Murakami, na kama yeye aliibiwa mkoba wake aliporudi kutoka vitani. Mmoja aligeuka kuwa polisi, mwingine akawa mhalifu. Mwishoni, Murakami na Yusa wanalala chali majanini, wametapakaa matope, wote wawili wakihema, na mtazamaji hupata taabu kuwatenganisha. Filamu hiyo si ya kuchekesha, lakini ni mmoja wa wazazi wa utanzu huu, na ndani yake mshukiwa ni kioo cha askari.

In the Heat of the Night (1967) ya Norman Jewison inakwenda mbele zaidi. Virgil Tibbs, mpelelezi Mweusi kutoka Philadelphia, anakamatwa katika kituo cha gari moshi huko Mississippi kwa sababu ya rangi yake na fedha alizo nazo mfukoni, kabla haijajulikana kwamba naye ni polisi. Anaingia katika jozi kupitia mlango wa mshukiwa. Katika 48 Hrs. (1982) ya Walter Hill, Reggie Hammond ni mfungwa anayetolewa gerezani kwa saa 48 ili amsaidie askari Jack Cates. Hapa kicheko kimekwisha kuwa nguzo ya filamu, lakini mchekeshaji bado ni mtu wa upande wa pili wa sheria, na mwishoni hana budi kurudi kumalizia kifungo chake. Urafiki haufuti pingu.

Badiliko kubwa linadhihirika katika Lethal Weapon (1987) ya Richard Donner. Riggs na Murtaugh wanatofautiana kwa rangi, umri na hali ya nyumbani, lakini wote wawili wana beji. Mwishoni mjane Riggs anakaribishwa kula Krismasi katika nyumba ya Murtaugh, na duara linafungwa. Katika Rush Hour (1998) tofauti ni ya mataifa na lugha: Lee ni inspekta kutoka Hong Kong, Carter ni askari wa Los Angeles. Hapa pia, wote ni polisi. Kwa ufupi, tofauti iliyokuwa baina ya sheria na mshukiwa imehamishiwa ndani ya kikosi chenyewe. Mshukiwa aliyekuwa nusu ya jozi amesukumwa nje, na huko nje amepoteza jina. Kwa kiasi kikubwa amekuwa mwili wa kuanguka kutoka ghorofani.

3.0 Jozi kama Watani

Kiswahili kina neno linaloeleza uhusiano wa askari hawa kwa usahihi zaidi kuliko neno "urafiki". Neno hilo ni utani. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu uhusiano wa aina hii, alieleza kwamba mtani anaruhusiwa kumfanyia mwenzake dhihaka, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Tusi linakuwa salama kwa sababu limewekewa mipaka. Ndani ya gari la polisi, Carter humkejeli Lee kwa mambo ambayo yangeleta ugomvi kama yangesemwa na mtu mwingine. Mtazamaji hujua kwamba utani umekwisha kuota pale mhusika anapotukanwa na badala ya kunyanyua ngumi akajibu kwa tusi zuri zaidi.

Hata hivyo, utani wa Afrika Mashariki una upande wa pili ambao filamu hizi zimeuacha. Utani wa makabila ya Tanzania, ambao sehemu yake ilikua kutokana na misafara ya biashara na vita vya karne ya 19, ni mkataba baina ya jamii nzima. Mtani ana haki ya kudhihaki, lakini pia ana wajibu: kumsaidia mtani aliye safarini, kushughulika msibani, kuifanya familia iliyofiwa icheke ili iweze kuishi. Kicheko hicho kinaelekea kwenye kaburi na kwenye chungu cha chakula, na faida yake huwafikia wengi.

Utani wa askari wawili wa Hollywood umechukua haki ya dhihaka na kuupunguza wajibu ubaki kwa watu wawili tu. Riggs ana wajibu kwa Murtaugh na kwa jamaa ya Murtaugh, lakini mwenye duka lililovunjwa hana mtani. Hakuna anayerudi kwake jioni kumsaidia kuokota vioo. Kasoro hii ni ya muundo wala si ya mwigizaji: filamu ikirudi dukani, mwendo wake utapoa na kicheko kitapata uzito ambao utanzu haukukusudia kuubeba.

4.0 Mbiti na Mwenzake Mdogo

Wasiolingana wanaofungwa pamoja katika shughuli moja si wageni Ukambani. John S. Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha mkusanyo wa hadithi za kwao, Akamba Stories, mwaka 1966. Jina lake lenyewe, Mbiti, ni neno la Kikamba lenye maana ya fisi, na fisi ni mhusika maarufu wa hadithi za eneo hilo. Kabla yake, Gerhard Lindblom wa Uswidi alikwisha kukusanya na kuchapisha ngano za Wakamba, zikiwemo za wanyama. Kumbukumbu ya maandishi, kwa hiyo, ipo.

Katika ngano za Afrika Mashariki kwa jumla, fisi ana nguvu na tamaa. Sungura ana mwili mdogo na akili. Huungana kulima, kuwinda au kusafiri, na kila mmoja huingia katika ushirika akiwa na nia yake. Kinachozitenganisha ngano hizi na filamu za jozi ya polisi ni mwisho wake. Ngano haiwapatanishi. Ushirika wa mwenye nguvu na asiye na nguvu huvunjika, na msikilizaji hujifunza kwamba mkataba uliojengwa juu ya mizani isiyo sawa hauwezi kudumu kwa sababu tu wawili hao wamecheka pamoja. Fisi hubaki na njaa yake, na sungura huondoka na chakula, mara nyingine kwa hila isiyopendeza hata kidogo.

Mhakiki anaweza kusema kwamba ngano ni katili kuliko filamu, na hilo ni kweli. Lakini ngano ina uaminifu mmoja: haimfichi aliyeumia. Njaa ya fisi, kilio chake na makovu yake husimuliwa hadi mwisho, hata pale msikilizaji anapochekeshwa navyo. Filamu ya polisi wawili hupatanisha jozi na kufuta majeraha ya waliobaki nje. Kwa kipimo cha masimulizi ya kijijini, huo ni usimulizi ulioachwa katikati.

5.0 Askari wa Ukambani

Swali hili lina uzito wa pekee Kitui na Makueni kwa sababu ya historia ya eneo hilo. Myles Osborne, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu Wakamba na dola ya Kiingereza, ameonyesha jinsi sifa ya "kabila la askari" ilivyotengenezwa: wakoloni waliitaka, na Wakamba wenyewe waliitumia kudai mishahara, shule na heshima. Sifa hiyo haikuwa na maana ya utiifu usio na masharti. Mwaka 1938, serikali ilipolazimisha kupunguzwa kwa mifugo, Muindi Mbingu aliongoza maandamano ya Wakamba hadi Nairobi, na baadaye akahamishiwa Lamu. Jamii iliyotoa askari ndiyo iliyotoa waandamanaji. Jozi ya wasiolingana ilikuwa imekaa tayari kwenye jiko moja la nyumbani.

Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi sheria ilifika kijijini ikiwa na sare mbili. Palikuwa na polisi wa kawaida, na palikuwa na polisi wa utawala, warithi wa askari wa kikabila waliofanya kazi chini ya machifu na kujulikana kwa jina la askari kanga. Katiba ya mwaka 2010 iliviweka vikosi hivyo viwili chini ya Huduma moja ya Taifa ya Polisi, na mageuzi yaliyotangazwa mwaka 2018 yakawahamishia maelfu ya polisi wa utawala kwenye kazi za polisi wa kawaida. Mwandishi wa filamu anayetafuta askari wawili wenye mafunzo, wakubwa na mazoea tofauti, waliolazimishwa kukaa ofisi moja, hana haja ya kwenda Los Angeles. Aidha, desturi ya kumpeleka askari mbali na kwao humfanya kijana wa Mutomo kuwa mgeni penginepo, na kijana wa penginepo kuwa mgeni Mutomo. Utani baina ya wenzake kambini si anasa kwake. Ni njia ya kuishi.

Hoja hii ya utetezi inastahili kupewa nafasi yake. Filamu inayoonyesha askari wa lugha mbili wakijifunza kuchekana bila chuki ina faida katika nchi ambayo makabila yamewahi kuchochewa yapigane. Lakini mshikamano wa askari una sura nyingine. Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa baada ya kutoka katika mahakama ya Mavoko, kaunti jirani ya Machakos, na kuuawa. Mteja huyo alikuwa amemlalamikia askari aliyempiga risasi. Julai 2022, Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari polisi watatu na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari. Kesi hiyo haikutokana na filamu yoyote, na itakuwa upuuzi kuilaumu sanaa kwa mauaji hayo. Inachofanya ni kumkumbusha mhakiki kwamba kushikamana kwa wenye sare si wema kwa chenyewe. Kunategemea kumefanywa dhidi ya nani. Filamu inayosifu mshikamano na kumnyima mlalamikaji jina imejibu swali hilo bila kuliuliza.

6.0 Kizimba cha Vichekesho vya Kenya

Vichekesho vya Kenya havikuliiga umbo la Hollywood moja kwa moja. Kinachokuja mbele katika vichekesho hivyo ni cheo: neno "afande" limewatenganisha askari wawili kabla hawajatukanana, na mdogo hawezi kumkejeli mkubwa wake kama Carter anavyomkejeli Lee. Katika kipindi cha Inspekta Mwala, ambamo Davis Mwabili anaigiza mkuu huyo, kichekesho hutokana na umbali baina ya ukubwa wa cheo na udogo wa mambo yanayomshinda mwenye cheo. Mwala pia ni jina la mahali katika kaunti ya Machakos, kwa hiyo jina la mhusika peke yake linamleta Ukambani masikioni mwa msikilizaji. Jozi isiyolingana hapa ni mtu na sare yake.

Fasihi ya upelelezi ya Kiswahili ina mwelekeo unaokaribiana na huo. Katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akili ya kufumbua fumbo iko kwa Bwana Msa, ambaye si polisi, na mwenziwe ni Najum. Ben Mtobwa alimweka Joram Kiango nje ya kikosi, huku Inspekta Kombora akibaki ofisini. Msomaji wa Kiswahili amezoea kwamba polisi si mwenye hadithi peke yake.

Mfano wenye maana kubwa zaidi kwa hoja ya makala hii ni Vioja Mahakamani, kipindi cha televisheni ya taifa ya Kenya kilichochekesha vizazi kadhaa. Humo polisi ameshamaliza kazi yake kabla kichekesho hakijaanza. Kinachobaki ni hakimu, kiongozi wa mashtaka, mashahidi na mshtakiwa kizimbani. Mshtakiwa ana jina linalotangaza kwao, kama Makokha, Ondiek Nyuka Kwota au Masanduku arap Simiti. Ana lafudhi yake na hoja zake, hata ziwe za ajabu namna gani. Mtu ambaye filamu ya polisi wawili humwangusha kutoka ghorofani amesimamishwa hapa katikati ya jukwaa, na mahakama nzima inalazimika kumsubiri amalize kusema.

Kipindi hicho hakikosi dosari. Kutambulisha watu kwa lafudhi zao huweza kuimarisha fikra finyu kuhusu makabila, na Mkamba, kama wengine, amewahi kubebeshwa sura ya kikaragosi katika vichekesho vya nchi. Tena mshtakiwa hushindwa mara nyingi. Lakini kushindwa baada ya kusikilizwa ni tofauti na kuanguka bila jina, na tofauti hiyo ndiyo mpaka baina ya vichekesho vya kisheria na vichekesho vya nguvu.

7.0 Sauti ya Mfasiri

Filamu za kigeni zenyewe hazikuwafikia watazamaji wa Afrika Mashariki zikiwa peke yake. Katika mabanda ya video na kwenye kanda na diski, ziliambatana na sauti ya mfasiri anayesimulia juu ya picha. Dar es Salaam alivuma Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu, ambaye kazi yake imechunguzwa na Matthias Krings (2015). Uganda alivuma VJ Jingo. Kenya alivuma DJ Afro, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Wafasiri hawa hawakufungwa na maneno ya mwigizaji. Waliongeza, walipunguza, waliwapa wahusika majina ya mtaani na kuwazomea.

Kwa mtazamo wa nadharia ya utani, jambo hili ni kubwa kuliko tafsiri. Mfasiri anaingia kati ya askari wawili kama mtani wa nje. Kejeli iliyokuwa mali ya jozi inakuwa mali ya banda zima, na askari shujaa anaweza kuchekwa na watu ambao hakuwachagua kuwa watani wake. Uwezo huo hautumiki kila mara kwa haki. Mfasiri anaweza vilevile kumshangilia mwenye bunduki na kumdhihaki aliyeanguka. Lakini mlango umefunguliwa. Mtu wa tatu ambaye filamu ilimnyima neno anaweza, kwa kinywa cha mfasiri, kulipata.

8.0 Hitimisho

Utanzu wa polisi wawili wasiolingana umekwenda kinyume cha ahadi yake ya awali. Ulianza kwa kumweka mshukiwa karibu na askari kiasi cha kuwafanya wafanane. Kisha, kwa ajili ya kicheko cha haraka, ukamtoa nje na kuiweka tofauti yote ndani ya gari moja la polisi. Ngano za Kitui zinaonyesha kwamba jozi isiyolingana inaweza kusimuliwa bila kumficha aliyeumia. Utani unaonyesha kwamba dhihaka na wajibu ni vitu vinavyokwenda pamoja. Vioja Mahakamani inaonyesha kwamba mshtakiwa anaweza kuchekesha akiwa na jina lake.

Mtunzi wa Kenya atakayeandika filamu ya askari wawili, mmoja aliyetoka katika polisi wa utawala na mwingine wa kikosi cha kawaida, wakigombania kiti kimoja katika kituo cha barabara ya Mombasa pale Emali au Mtito Andei, atakuwa na kila kitu anachohitaji: tofauti, lugha, historia na kicheko. Kipimo cha kazi yake kitakuwa katika tukio dogo, pale mwananchi atakapoingia kituoni kuandikisha taarifa. Akipewa kiti, jina na nafasi ya kumaliza maneno yake kabla ya wawili hao kuanza kutaniana, utanzu utakuwa umerudi njiani. Akigeuzwa ukuta wa kurushia mizaha, kitakachokuwa kimeletwa Emali ni Los Angeles ileile, yenye vumbi jekundu.